Barua Iliyolala Mkobani

Nilipoambiwa kwamba Faiza yuko hai, yuko Diani, na ananitafuta, swali la kwanza lililonijia moyoni halikuwa "Ni mzima?" Lilikuwa "Amezeeka kama mimi?" Nalisema hili mapema ili anayesoma ajue amekaa na mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa wivu. Wengine huzaliwa na pumu, mimi nilizaliwa na kijicho, na kwa miaka sabini na moja nimekifungia saumu za Jumatatu na Alhamisi, nimekisomea dua, nimekilia kwenye sijda, na bado kimo. Aliyenipigia simu alikuwa kijana wa hotelini, mtu wa bara, Kiswahili chake cha mbio. "Shosho, kuna mama mzee hapa ametoka Saudia na mjukuu wake. Anasema mlikuwa marafiki kitambo sana. Tumlete kwako leo?" Mimi si bibi yake hata aniite shosho, wala hakunipa shikamoo, lakini nilimeza. Nikamuuliza jina la mgeni. "Faiza," akasema. Nikakaa kitandani. Kisha nikainuka, nikavuta sanduku la chini ya kitanda, nikatoa bahasha niliyoificha nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, nikaiweka juu ya mto. Halafu nikaenda kuoga na kufunga leso mpya, maana hata siku ya kiyama sitaki Faiza anikute na leso iliyopauka.

Mwaka ule ulikuwa wa sitini na saba, na kwetu Msambweni sisi tulishajitawala zamani, bendera yetu ilishaanza kuzoeleka kwenye mlingoti wa ofisi ya chifu. Lakini Aden Waingereza walikuwa bado wapo, na habari za Aden kwa wazee wetu zilikuwa kama habari za mtaa wa pili. Wengi wao waliwahi kufanya kazi ya kuli katika bandari ile ujanani mwao, na Baba yangu alikaa huko miaka mitatu. Tulikuwa na redio ya betri, imevalishwa kitambaa alichotarizi Mama, na kila baada ya swala ya alasiri wazee walikuja kukaa barazani kwetu kusikiliza Kairo na Aden zikisema Kiarabu. Sasa nikwambie ukweli: hawakuelewa hata nusu. Maalim wetu wa chuoni aliokota neno hapa na neno pale, Baba akaongeza Kiarabu chake cha bandarini, na palipobaki pengo wazee walipajaza kwa kikohozi na "Subhanallah." Lakini kabla redio haijafunguliwa, niliitwa mimi. Nilikuwa nimekhitimu Kurani mara mbili, na Maalim alisema sauti kama yangu hajaisikia kutoka Tiwi mpaka Jego. Nilikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, nikasoma aya chache za kufungulia baraza. Pazia lile lilikuwa na tundu lililoliwa na nondo. Nikisoma, jicho langu lilikuwa tunduni, natazama nani anatikisa kichwa, nani amefumba macho, na je, Baba ananisikiliza. Baba yangu alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku. Nikisoma, aliinamisha kichwa kidogo, na mimi niliishi kwa mwinamo ule mpaka kesho yake.

Ndipo akaletwa Faiza. Baba yake alikuwa karani wa bandari ya Aden, alifanya kazi na Waingereza, na ndiye aliyekuwa rafiki wa Baba katika ile miaka mitatu. Mitaa ilipoanza kupigwa risasi mchana kweupe, naye mkewe ni marehemu, alimpandisha binti yake melini na jamaa waliokuwa wakija Mombasa, akamtumia Baba salamu amweke mpaka mambo yatulie. Baba akaenda kumpokea Kilindini. Jioni nilisikia sauti ya mwanamume uani anacheka na kuzungumza Kiarabu bila kituo, nikamuuliza Mama, "Nani huyo?" Mama akachungulia, akasema, "Ni babako." Wallahi sikumjua. Alishika sanduku la bati la kijani kwa mkono mmoja, na kando yake alisimama msichana wa umri wangu, amevaa viatu vya mikanda na soksi nyeupe, soksi, kwenye uwanja wetu wa kuku! Baba akasema, "Misi, huyu ni nduguyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mimi nikamwamkia. Moyoni nikasema, mwenyeji ataponaje na mgeni mwenyewe ana soksi?

Alilala nami kwenye kitanda changu cha kamba, yeye upande wa ukuta, ambao ndio ulikuwa upande wangu. Juu ya kitanda, kwenye boriti, ulining'inia mkoba wa ukili. Kila nyumba yetu ilikuwa na mkoba wa namna hiyo. Karatasi yoyote yenye herufi za Kiarabu haikanyagwi, haichanwi, haichomwi, maana huenda ndani yake limo jina la Mungu. Unaiokota, unaibusu, unaigusisha kwenye paji la uso, unaitia mkobani, na mkoba ukijaa Maalim anakuja kuuchukua akauzike pahala pasipopitwa. Basi siku moja zilikuja tende kutoka Mombasa zimefungwa kwa gazeti la Kiarabu. Mama akalikunjua, akalibusu, akaligusisha pajini, akanipa mimi nilisome kabla ya kulitia mkobani, kwani jirani zetu wawili walikuwepo wakichambua mtama mchana ule, na Mama alipenda kunionyesha. Nikasoma. Nikavuta panapovutwa, nikatetemesha panapotetemeshwa, jirani mmoja akafuta chozi kwa ncha ya leso. Faiza alikuwa mlangoni na kikombe cha maji. Kwanza aliniangalia kwa mshangao, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini mkekani na maji yakamwagika. "Khalati," akamwambia Mama kwa Kiswahili chake kilichokuwa bado kinatambaa, "hii sabuni. Inasema, sabuni hii itoa mafuta nguoni. Bei nafuu." Jirani aliyelia akaishusha leso taratibu. Mama, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kushindwa nyumbani kwake. Alilichukua gazeti mkononi mwangu, akalibusu tena kwa makusudi, akasema, "Hata kama ni sabuni, herufi ni zile zile. Na wewe mwanangu Faiza, mkoba huu usiuguse tena maadamu uko kwangu." Faiza akaomba radhi, na akaomba kwa dhati, na hata akaja kunishika mkono. Nilimpa mkono. Lakini aibu ile niliilaza pembeni yangu kama mtoto, nikailea.

Baada ya siku ile mambo yalienda mbio. Baba akagundua, au labda alikuwa anajua tangu mwanzo, kwamba ndani ya nyumba tuna mtu anayeielewa redio. Akamwita Faiza barazani. Na kwa kuwa ilimbidi aisikie redio vizuri, hakuwekwa nyuma ya pazia, aliwekwa mbele yake, kwenye kigoda, sikio karibu na kitambaa cha Mama. Mimi nyuma, yeye mbele. Nikiweka jicho langu tunduni sioni wazee tena, naona mgongo wake na nywele zake zimesukwa msuko mmoja mnene. Wiki ya kwanza bado niliitwa kusoma. Wiki ya pili nikaambiwa nisome kidogo, habari zisipite. Wiki ya tatu hakuna aliyeniita, na Mama akaniambia, "Basi njoo tuchome kaimati, wageni ni wengi." Wengi kweli, maana sasa walitoka hata vijiji vya jirani kuja kumsikia mtoto wa kike akitafsiri. Na Baba! Baba aliyekuwa wa maneno matatu, jioni alikaa uani na Faiza wakakumbushana mitaa ya Aden, duka la nani lilikuwa wapi, chai ya maziwa iliuzwa kona gani. Nilikaa karibu yao nikikuna nazi ambayo haikuwa na haja ya kukunwa. Nilikuwa najua Kurani nzima kwa kichwa, juzuu thelathini, na sikuweza kumfuata baba yangu kwenye sentensi moja ya chai. Hasidi hana sababu, wanasema. Mimi nilikuwa nazo, tena nilizihesabu kila usiku, na ndiyo ilikuwa hatari yenyewe.

Siku Waingereza walipoondoka Aden ilikuwa siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani. Baraza lilijaa mpaka watu wakasimama uwanjani juu ya maganda ya mihogo. Faiza alikuwa kigodani, mikono kwenye mapaja, anatoa neno moja moja. "Wanasema askari wote wamepanda meli. Wanasema mkubwa wao amepanda helikopta. Wanasema bendera imeshuka." Takbiri ikapigwa, ndege wakaruka mwembeni. Mzee mmoja akasema, "Ala! Wenzetu wana helikopta. Sisi huku tulipewa habari na dereva wa lori la mawe," na watu wakacheka, wakapeana mikono kama kwamba wao ndio waliokuwa bandarini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya kaimati, na ndipo nikaona mabega ya Faiza yanatikisika. Alikuwa analia. Redio iliendelea kusema, yeye akawa ameacha kutafsiri. Akamwambia Baba kwa Kiswahili, labda alitaka wote waelewe, "Ammi, wanasema waliofanya kazi na Waingereza ni wasaliti. Baba yangu karani tu. Alihesabu magunia tu." Furaha ikafifia barazani. Baba akainuka mbele ya wanaume wote, akamwekea mkono kichwani, akasema, "Wewe ni binti yangu. Hutakosa kwenu maadamu mimi niko hai." Kila mtu alimwonea huruma. Mimi nilisimama na sinia yangu ya moto inayoniunguza vidole, na nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu machozi. Nilitamani hata msiba wake, ili mkono ule uwe kichwani kwangu.

Usiku ule ule baba yake Faiza aliandikiwa barua. Faiza mwenyewe ndiye aliyeandika, Baba akitamka. Swali lilikuwa moja, na nyumba nzima tulilijua: Mtoto arudi, au abaki kwetu awe wetu? Baba alisema likija jibu la abaki atampeleka Mombasa asome skuli, na akasema "nitampeleka", hakusema "nitawapeleka". Pengine ulimi tu uliteleza, lakini mimi nilikaa na neno lile mfungo mzima. Faiza akawa kila siku ananiuliza, "Misi, posta leo?" Barua zetu zilipitia duka la Mzee Bakari, na mimi ndiye niliyetumwa sukari na mafuta ya taa. Katika kumi la mwisho la Ramadhani, Mzee Bakari akanipa bahasha ya buluu. "Mpe babako, ni ya Aden," akasema. Niliichukua, nikaitia chini ya leso, na nilipofika kwenye kichaka cha mkwaju nyuma ya msikiti nikaifungua. Nikaisoma yote kwa sauti ndogo. Sauti ya baba yake Faiza ilipita kinywani mwangu, herufi kwa herufi, hata moja sikuiruka, na mimi sikujua anasema nini. Kwa miaka mingi nimejitetea hivyo: sikuelewa. Uongo. Neno moja nililielewa, kwa sababu ni neno letu pia. Baada ya jina la Faiza aliandika "amana". Nilijua amana ni nini. Maalim alitufundisha kwamba mnafiki ana alama tatu, na ya tatu ni kuwa akiaminiwa hufanya hiyana. Nilikuwa nimefunga, midomo imekauka, na barua iko mkononi.

Ningeichana ingekuwa imekwisha. Sikuweza. Juu kabisa aliandika Bismillahi, na mkono wangu, uliokuwa tayari kumdhulumu yatima wa mama, ulikataa kuchana karatasi. Ajabu ya mwanadamu! Basi nikaibusu, nikaigusisha pajini, nikaenda nayo nyumbani nikaitia mkobani, kando ya lile gazeti la sabuni. Pale hakuna ambaye angeitafuta. Mama na Baba hawakujua kusoma, na aliyejua alikuwa amekatazwa kuugusa mkoba. Faiza alilala chini ya barua ya baba yake siku kumi na kitu, anageuka huku na huku, ananiuliza gizani, "Misi, unadhani amenisahau?" Nami namjibu, "Sijui. Lala."

Idi ikapita bila jibu. Tulikula pilau na mkate wa sinia, Baba akatununulia magauni mawili sawasawa, na hata hapo nikaona la kwake lina lesi nyingi. Kisha kukatokea familia ya Mombasa inayorudi Aden kwa meli, watu wa heshima, wakasema wako tayari kumchukua. Baba hakutaka. Nilimsikia akizungumza na Mama jikoni, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema naye kirefu. "Mtoto wa mtu haazimwi bila kauli ya mwenyewe," alisema. "Ningepata neno lake moja tu, ningembakiza. Labda anaumwa. Labda anamtaka." Mama akasema, "Ngoja kidogo." Baba akasema, "Meli haingoji." Mlango wa chumba chetu ulikuwa hatua nne kutoka pale. Mkoba niliuona kabisa, unaning'inia. Ningesimama, ningenyoosha mkono, ningesema nimeiokota dukani leo. Nilijifunika shuka. Asubuhi Faiza akavaa soksi zake, akanipa kitana chake cha plastiki kiwe ukumbusho, akanibusu mashavuni yote mawili. Niliona afueni. Afueni haikumaliza wiki. Nilidhani akiondoka, maneno ya Baba yatanirudia mimi. Baba akarudi kwenye maneno yake matatu kwa siku, redio akaacha kuifungua, na siku nilipojikalisha nyuma ya pazia nikamsomea peke yake, alisikiliza mpaka mwisho, akainama kidogo, akaenda zake shamba. Maalim alipokuja kuuchukua mkoba nikaitoa barua kwanza. Nikaolewa nayo Matuga, nikafiwa na mume nayo, nikarudi nayo Msambweni. Kila mara niliposema nitaitafutia njia, nilimwazia Faiza Aden, mkono wa baba yake halisi uko kichwani pake, nikasema, hanihitaji.

Gari la hotelini lilifika saa kumi. Mjukuu alimshika Faiza mkono kumteremsha, akarudi kukaa na dereva. Nikamtazama. Meno yote ni yake, wallahi. Ngozi nyororo, bangili nne. Akanikumbatia, akanukia udi, na kile kijicho changu kikaamka kama zamani. Tukakaa mkekani. Kiswahili chake kimechakaa lakini hakikufa. Akala mahamri na mbaazi, akauliza makaburi ya Mama na Baba yako wapi, akawaombea. Nikamuuliza, kwa sababu ilinibidi, "Na babako? Alikupokea?" Akaweka kikombe chini.

"Nyumba si yetu tena, Misi. Watu wengine ndani. Majirani wakasema aliondoka kabla ya Idi, amekwenda kaskazini. Mjomba akanichukua. Baadaye wakasema alikufa njiani. Aliondoka bila neno, hakumjibu Ammi, hakuniandikia mimi. Nina watoto sita, hata mmoja sikumpa jina lake. Sijamwombea hata siku moja. Najua ni dhambi. Siwezi."

Niliinuka, magoti yakalia, nikaenda chumbani nikaileta bahasha. Nikamwekea mapajani. Aliutambua mwandiko kabla hajavaa miwani. Nilimwona anavyoutambua. Akasoma taratibu, midomo inacheza, kisha akarudia kwa Kiswahili, kama alivyokuwa akifanya barazani, neno moja moja, kwa sauti ya mtu anayetafsiri habari za wengine. "Ndugu yangu. Hapa hapakaliki tena kwangu. Ninaondoka kesho. Usimrudishe mtoto. Faiza ni amana kwenu. Nikifika pa salama nitaandika. Mwambie sijamwacha." Kuku walipita ukumbini na hakuna aliyewafukuza. "Ilikuwa wapi?" akauliza.

"Mkobani. Juu ya kichwa chako."

"Nani aliitia?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu ya miaka hamsini na zaidi, mazuri, yenye hadithi na aya. Yote yalinitoka. "Nilikuonea wivu," nikasema. "Baba alizungumza nawe."

Alinitazama muda mrefu. Sijui alitafuta nini usoni mwangu, labda yule msichana. Kisha akaikunja barua kwa mikunjo yake ile ile, akaiinua, akaibusu, akaigusisha kwenye paji la uso, hivyo hivyo kama Mama na gazeti la sabuni. Aliishikilia pale pajini. Na hata hapo, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu, maana baba yangu mimi hakuniachia hata mstari.

"Sauti yako bado ipo?" akauliza, barua ikiwa bado usoni.

"Imezeeka."

"Nisomee Yasini. Ya kumwombea baba yangu." Akaiteremsha barua, macho yake mekundu, makavu. "Sijakusamehe, Misi. Soma."

Nikasoma Yasini yote, mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu nilipojua kusoma, sikuchungulia kuona nani ananisikiliza.